Mtoto wa Kambo na Jina la Baba Asiyekuwapo

 

Ndugu zangu Waislamu, nanyi mnaosikiliza majumbani kwa njia ya redio, leo tutazungumza juu ya jambo lililoletwa kwetu na mtu mmoja wa Mwigobero, hapa Musoma mjini. Mtu huyo ni fundi wa mitumbwi. Alimwoa mwanamke aliyeachika, mwenye mtoto wa kiume wa miaka minne, na sasa mtoto amefika umri wa kuandikishwa darasa la kwanza. Baba mzazi alivuka ziwa kufuata dagaa. Ikasemekana yuko visiwani, kisha ikasemekana yuko machimboni, kisha ikawa hakuna tena kinachosemekana. Fundi wetu alikuja msikitini na karatasi ya shule mkononi. Mahali pa jina la baba alikuwa hajaandika kitu. Akauliza: "Maalim, mimi ndiye ninayemlisha, mimi ndiye ninayemvisha, na yeye ananiita baba. Kwa nini nisiandike jina langu?"

Swali hili si la mtu mmoja. Mji wetu umekaa ukingoni mwa ziwa, na riziki ya ziwa haitulii mahali pamoja. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, na kambi zao huhama kwa kufuata samaki: leo Rukuba, kesho Ukerewe, keshokutwa Ukara. Wengine huacha nyavu wakaenda Buhemba au Nyamongo kutafuta dhahabu, na wengine huvuka mpaka kuingia Kenya. Wengi hurudi. Wasiorudi huacha nyuma yao mama na watoto, na Mwenyezi Mungu humjalia mama huyo kuolewa na mtu mwema. Hapo ndipo linapozaliwa swali la fundi wetu, na aghalabu hujibiwa kimya kimya, kwa kalamu, bila ya kuulizwa mtu.

Kabla ya kumjibu tulimwuliza sisi swali letu: mama huyu aliachikaje? Akatueleza kwamba mume wa kwanza alitoa talaka mbele ya mashahidi kabla ya kuondoka, na eda ikaisha. Tukamshukuru Mungu. Kwani wako wanaoolewa kwa sababu tu mume ameonekana kutoweka, na hilo halijuzu hata siku moja. Mke wa mtu aliyepotea ni mke wa mtu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kauli ya zamani ilimpa mke miaka minne ya kungoja na kisha eda ya kufiwa, kwa kufuata hukumu ya Sayyidna Umar. Kauli mpya ikasema angoje mpaka ijulikane yakini kuwa mume amekufa au ametoa talaka. Lakini iko pia njia ya kufasihi ndoa kwa kukosa nafaka, na jambo hilo hulifanya mwenye mamlaka ya kuhukumu, si mjomba wala jirani. Kwa sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kumtelekeza mwenzi kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika. Na kwa kawaida shauri hupitia kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Mama aliyetelekezwa na aifuate njia hiyo kwanza. Mwanamume anayemwoa mke wa mtu hajawa baba wa kambo wa mtoto yeyote.

Sasa tulirudie jina.

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya kumtwaa mtoto wa mwingine na kumfanya wao: humpa jina lao, hurithi mali yao, na mkewe huwa haramu kwao kama mke wa mwana wa damu. Mtume wetu mwenyewe, kabla ya kupewa utume, alimtwaa Zaid bin Haritha, na watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Kisha zikashuka aya za mwanzo za Suratul Ahzab. Maana yake ni kwamba maneno ya vinywani hayamgeuzi mtoto wa kupanga kuwa mtoto wa damu. Kwamba watoto waitwe kwa majina ya baba zao, na huo ndio uadilifu mbele ya Mwenyezi Mungu. Na kwamba wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini. Tangu siku hiyo Zaid akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata kidogo, naye alimpa uamiri wa jeshi katika vita vya Muta, na huko akafa shahidi.

Watu wengi huishia hapo katika kueleza, na msikilizaji huondoka akidhani kwamba Uislamu umemkatisha tamaa baba wa kambo. Haikuwa hivyo. Tumtazame sahaba mmoja ambaye jina lake mnalisikia karibu kila Ijumaa, kwani hadithi nyingi zimepokewa kwake: Anas bin Malik.

Mamake Anas ni Ummu Sulaim, mwanamke wa Madina. Aliposilimu, mumewe Malik bin Nadhr alikasirika, akatoka nyumbani akaenda Sham, na huko akafa. Tazameni, ndugu zangu: baba ameondoka kwa hasira, amemwacha mtoto mdogo, wala hakurudi. Kisha Abu Talha akaja kumposa Ummu Sulaim, naye wakati huo hajasilimu bado. Mama akakubali kwa sharti la kusilimu kwake, na kusilimu huko ndiko kulikokuwa mahari yake. Mtume alipofika Madina, Abu Talha ndiye aliyemshika Anas mkono, akampeleka kwake na kusema kuwa ni kijana mwerevu, basi amtumikie. Anas akamtumikia Mtume miaka kumi. Elimu yote iliyotufikia kwa njia yake ilianzia katika mkono ule wa baba wa kambo.

Na jina lake lilikuwa nani? Anas bin Malik. Hakuitwa Anas bin Abi Talha. Jina alilobaki nalo maisha yake yote ni la yule aliyeondoka kwa hasira akamwacha. Abu Talha hakuomba jina hilo libadilishwe, wala hatukusikia kwamba alijiona amepunjwa.

Hali kadhalika Mtume wetu. Alilelewa na ami yake Abu Talib na akabaki Muhammad bin Abdillah. Alipomwoa Ummu Salama, mjane wa Abu Salama, mama huyo alimweleza wasiwasi wake, na mmojawapo ulikuwa kwamba ana watoto. Mtume akawapokea watoto wale nyumbani mwake. Mmoja wao, Umar, ndiye yule mtoto aliyekuwa akipeleka mkono huku na huku katika sahani, na Mtume akamfundisha ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Adabu ya chakula tunayowafundisha watoto wetu leo ni somo alilopewa mtoto wa kambo na baba yake wa kambo. Naye katika vitabu ni Umar bin Abi Salama, na dadake ni Zainab binti Abi Salama, aliyekuja kuwa mwanachuoni wa Madina.

Kwa hiyo ziko amana mbili. Malezi ni amana moja, nasaba ni amana nyingine. Ya kwanza yaweza kuhama kutoka mkono hadi mkono. Ya pili haihami.

Fundi wetu alitusikiliza, kisha akasema: "Nimefahamu, lakini madhara yako wapi? Nani ataumia?" Ni swali la haki, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza ni ndoa. Baba aliyekwenda visiwani aghalabu huoa huko na kuzaa huko. Tuseme mtoto wetu ameitwa kwa jina la fundi, akakua akijua hivyo, na miaka ishirini baadaye akakutana Mwanza na msichana ambaye baba yake ni yule yule mvuvi. Majina hayafanani. Nani atakayewaambia kwamba wao ni ndugu wa baba mmoja? Na kinyume chake: binti wa fundi aliyezaliwa na mke mwingine si ndugu wa mtoto huyu kwa damu, wala kwa kunyonya ikiwa hawakunyonyeshwa pamoja, na ndoa baina yao ni halali. Jina likibadilishwa, la haramu hufichika na la halali hufungwa.

Pili ni mirathi. Mtoto wa kambo hamrithi baba wa kambo, wala baba wa kambo hamrithi yeye. Lakini anamrithi baba yake mzazi, hata kama baba huyo hakumnunulia kalamu moja. Ikija habari kwamba mvuvi amefariki na ameacha mtumbwi, mashine na kiwanja, mtoto atasimamaje mbele ya wasia au mahakama kudai haki yake, ikiwa cheti chake cha kuzaliwa na cha shule vinasema ni mtoto wa mtu mwingine? Baba wa kambo aliyeandika jina lake kwa huruma atakuwa ndiye aliyemnyima mtoto mali yake kwa mkono wake.

Tatu, ikiwa mtoto ni wa kike, uko uwalii. Baba wa kambo si walii wake. Walii ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka, kisha jamaa wengine wa upande wa baba kwa mpango unaojulikana. Na asiyekuwa na walii huozeshwa na kadhi. Ndoa iliyofungwa na baba wa kambo kwa kujidai baba ni ndoa yenye dosari kubwa. Hata hivyo, baba mzazi akipatikana, hata kwa simu, anaweza kumfanya baba wa kambo wakili wake wa kuozesha. Nimeona jambo hilo likiwafurahisha watu wote, na aliyefurahi zaidi ni bibi harusi.

Katika mkoa wetu wa Mara yako na mengine yanayolichanganya jambo hili. Kwa mila za makabila mengi ya hapa mtoto hufuata ng'ombe: aliyetoa mahari ya ng'ombe ndiye mwenye watoto, hata kama mama amekaa na mtu mwingine miaka mingi na kuzaa huko. Ndugu zetu Wakurya wana pia nyumba ntobhu, ambamo mwanamke humwolea mwanamke mwenziwe, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa katika ukoo wa yule aliyetoa ng'ombe. Mila hizo zilikuwa na makusudio yake, hasa kuzihifadhi nyumba zisizo na watoto wa kiume. Lakini Mwislamu hupima nasaba kwa ndoa sahihi ambamo mtoto amezaliwa. Ng'ombe hawaleti nasaba wala hawaiondoi, na kwa jambo hili pekee kalamu ya fundi na zizi la ng'ombe ni sawasawa.

Tuseme pia kidogo juu ya sheria ya nchi, maana wako wanaoambiwa na wasiojua kwamba ukimlea mtoto sharti umwasili. Kuasili mtoto Tanzania Bara kumewekwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na amri yake hutolewa na Mahakama Kuu, ambayo siku hizi ina masjala yake hapa hapa Musoma. Mama pamoja na mumewe wanaweza kuomba. Ridhaa ya wazazi hutakiwa, lakini mahakama inaweza kuiacha ikiwa mzazi amemtelekeza mtoto au hapatikani. Amri ikitoka, kamba ya kisheria kati ya mtoto na yule mzazi mwingine hukatwa: haki zake na wajibu wake vyote hukoma, na mwenye kuasili hushika mahali pake. Kwa watu wengine hilo huenda likawa ndilo wanalolitaka. Kwetu sisi ndiyo ile desturi iliyoondolewa na Suratul Ahzab. Nalo ni jambo la hiari, kwani hapana sheria inayomlazimisha baba wa kambo aasili. Sheria hiyo hiyo ya 2009, tena mwanzoni mwake, inampa mtoto haki ya jina, na ya kuwajua wazazi wake waliomzaa na ukoo wake. Hapo sharia yetu na sheria ya nchi zimekutana njiani.

Hata mataifa yametambua kwamba iko njia ya kulea bila ya kubadili nasaba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaja kafala ya Kiislamu miongoni mwa njia za kumtunza mtoto asiye na malezi ya nyumbani kwao. Wenzetu wa Zanzibar wameiingiza kafala katika Sheria yao ya Mtoto ya mwaka 2011. Kafala ni kumdhamini mtoto chakula, mavazi, elimu na adabu, na nasaba yake ikabaki kama ilivyo.

Wako wanaodhani kwamba jina la baba aliyeondoka ni mzigo kwa mtoto, na kwamba ni huruma kumtua. Ng'ambo ya ziwa hili hili, Kogelo katika kaunti ya Siaya huko Kenya, ndiko nyumbani kwa mtu mmoja aliyekwenda kusoma Marekani, akazaa mtoto wa kiume mwaka 1961, kisha akamwacha na mama yake na kurejea kwao mwaka 1964. Mama akaolewa na Mwislamu wa Indonesia aitwaye Lolo Soetoro, wakahamia Jakarta, na katika daftari la shule mtoto akaandikwa kwa jina la baba wa kambo, Barry Soetoro. Baba mzazi alimtembelea mara moja tu, mwaka 1971, naye akafa mwaka 1982. Mtoto yule alipokua alikuja hadi Kogelo kuwatafuta jamaa wa baba yake, na jina alilolichukua akaingia nalo katika urais wa Marekani mwaka 2009 ni la yule baba aliyeondoka: Barack Obama. Siwaambii haya kwa ajili ya siasa. Nawaambia kwamba mtoto huuliza. Ukimfungia mlango wa nasaba akiwa na miaka saba, ataugonga akiwa na ishirini.

Sasa, je, mtoto asimwite baba wa kambo "baba"? Amwite. Aya yenyewe imesema kwamba hatulaumiwi kwa tunayokosea, bali kwa yale ambayo nyoyo zimeyakusudia. Mtume alimwita Anas "mwanangu mdogo", naye hakuwa mwanawe. Neno la mapenzi si dai la nasaba. Kilichoharamishwa, tena kwa onyo kali katika hadithi sahihi, ni mtu kujinasibisha na asiyekuwa baba yake hali anajua.

Na wala nyumba isiwe ya wageni. Sura ya nne inamtaja binti wa mke miongoni mwa walioharamishwa kuolewa, ndoa ya mama yake ikishaingiliwa. Watu walipovumisha kwamba Mtume atamwoa Durra, binti Abi Salama, aliwaeleza kwamba ni mtoto wa mkewe, aliyelelewa nyumbani mwake, tena ni binti wa nduguye wa kunyonya. Baba wa kambo basi ni maharimu wa binti huyo daima, hata mama akifa au akiachwa. Anaweza kusafiri naye na kumpeleka hospitali, na hapana kujitenga kusiko na sababu.

Ama mali, mlango uko wazi. Anayetaka mtoto wa kambo apate kitu baada yake na amwandikie wasia, usiozidi thuluthi ya mali yake, maana Mtume alimwekea Saad bin Abi Waqqas mpaka huo. Au ampe zawadi akiwa hai na mzima: kiwanja, mashine ya mtumbwi, cherehani, ada ya chuo. Nashauri wasia uandikwe na kushuhudiwa mapema. Wengi hunena kwa mdomo tu, na siku ya msiba ndugu wa marehemu humtoa mtoto nje na begi lake, wala hana la kuonyesha.

Na mtoto ambaye baba yake hajulikani kabisa? Huyo huitwa kwa mama yake, au kwa jina jema lisilomnasibisha na mtu kwa uongo. Naye ni ndugu yetu katika dini, wala hana dhambi ya mtu yeyote shingoni mwake. Anayemtania mtoto wa namna hiyo madrasani ataulizwa yeye.

Tulimaliza na fundi wetu karibu na alasiri. Karatasi ya shule ilikuwa na mstari mwingine ambao hakuuona kwanza kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye ule wa juu: mstari wa mlezi. Akaandika jina la mvuvi mahali pa baba, na lake mahali pa mlezi, pamoja na namba yake ya simu. Mkono ulimwia mzito kidogo alipoandika la kwanza, nasi hatukumharakisha.

Kisha akatuuliza kama kuna ubaya kumpeleka mtoto kwa babu yake mzaa baba, ambaye yuko upande wa Kinesi na hajamwona mjukuu tangu akiwa mchanga. Mama alikuwa na hofu kwamba watamzuia mtoto, kwani ni kweli kwamba mama akiolewa, haki yake ya kulea huweza kudaiwa na jamaa. Tukamshauri afuatane na wazee wawili wa msikiti, wazungumze na babu kwanza kwa upole, na waandikiane kwamba mtoto atakaa kwa mamaye na atakwenda kwa babu siku za likizo. Jumamosi iliyofuata walipanda kivuko asubuhi pale Mwigobero, yeye, wazee wawili, na mtoto katika nguo za Idi. Nauli ya wote aliitoa fundi.